Kubadilisha kontroli za tabaini ya gesi na kufunga tyuni ya mwako inayojiendesha: anza na waya, kabati baadaye

Kama stoo umebakiwa na kadi moja tu ya spea na hiyo yenyewe mliinunua mtumba, na skrini ya opareta inaendeshwa na kompyuta ya kizamani ambayo kila ikizimwa mnaomba dua iwake tena, basi muda wa kubadilisha kontroli (kompyuta na kadi zinazoiendesha tabaini) umefika na pengine umeshapita. Naandika hapa kazi yenyewe inavyokwenda, tangu siku ya kwanza mpaka siku unaiachia kompyuta ityuni moto yenyewe, yaani irekebishe gesi inavyoungua, maana watu wengi wanajua kununua kabati jipya ila yale yanayolizunguka kabati ndo yanawaangusha.

Mfano wangu ni Frame 9E ya GE yenye kontroli za Mark V, kwa sababu ndo mashine niliyoishika sana nilipokuwa Ghuba, Uarabuni, na kule ziko nyingi. Inazunguka mara 3,000 kwa dakika kwa gridi ya hezi 50, kompresa ina stegi 17, kombasta 14 (vyumba vya kuchomea gesi) zimeizunguka kama vidole. Mark V ziliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndani kuna prosesa tatu, R, S na T, zinapiga kura, ikikosea moja mbili zinaishinda na mashine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Mark VIe iliyokuja baadaye inatumia wazo hilohilo la kura ila mawasiliano ya ndani yote ni ethaneti. Kama mashine yako ni ya kampuni nyingine majina yatabadilika lakini jasho ni lilelile.

Kabla hujafungua hata skrubu moja

Chukua picha ya kabla. Simaanishi picha za simu tu (nazo piga, kila mlango wa kabati, kila teminali, hata zile waya ambazo hakuna anayejua zinaenda wapi), namaanisha data. Rekodi mashine ikiwa lodi ya 25, 50, 75 na lodi kamili: joto la ekzosi la kila themokapo (sensa ya joto), presha ya kutoka kompresa, nafasi ya kila vali, mgao wa gesi kati ya nozeli, NOx na CO (gesi chafu za kwenye moshi), mtetemo wa beringi, na muda wa kuwaka kuanzia kubonyeza kitufe hadi breka (swichi kubwa ya kuunganisha jenereta na gridi) kufunga. Rekodi pia mashine inavyozima. Siku mashine mpya ikifanya kitu cha ajabu, swali la kwanza litakuwa "zamani ilikuwaje?" na usipokuwa na karatasi, kila mtu atajibu kwa kumbukumbu yake na mtagombana bure.

Toa bakapu ya programu yote na ya konstanti zote (namba za mipangilio), na usichukue zile za kwenye faili peke yake. Chukua zinazokimbia kwenye prosesa sasa hivi, maana kwenye mashine ya miaka 20 kuna konstanti mtu alibadilisha usiku wa manane mashine imegoma kuwaka, ikawaka, akaenda kulala, na hakuandika popote. Halafu andika pointi zote zilizofosiwa, yaani zilizolazimishwa kubaki namba moja bila kufuata sensa. Hii watu wanaipuuza sana. Nilishakuta pointi 11 zimefosiwa kwenye mashine inayozalisha umeme kila siku, mbili zikiwa za ulinzi, na waliozifosi walishastaafu. Kila moja uliza kwa nini, na jibu likikosekana hiyo ni kazi ya kurekebisha, usiihamishie kwenye kontroli mpya.

Uwanjani

Hapa ndo nataka ukae muda mrefu kuliko sehemu yoyote, hata kama bosi anakuuliza kabati linafika lini. Kontroli mpya inasoma kilekile ambacho sensa inaiambia, na tyuni inayojiendesha ndo kabisa, itaamini namba ya uongo na kuifanyia kazi kwa bidii saa 24.

Themokapo za ekzosi, 9E nyingi zina 24, kila prosesa inasoma nane. Zitoe, ziangalie ncha, pima kila moja kwa joto linalojulikana, iliyochoka badilisha. Na ukumbuke kitu kimoja, hewa ya moto inazungukazunguka ikipita kwenye tabaini, kwa hiyo themokapo inayosoma baridi haiko nyuma ya kombasta yenye shida, iko pembeni kwa pembe fulani na hiyo pembe inabadilika kadri lodi inavyobadilika. Nimeona watu wakifungua kombasta namba 6 na kuikuta safi kabisa kumbe mgonjwa alikuwa jirani yake wa tatu.

Kontroli inajua vali za gesi ziko wapi kwa kutumia LVDT (sensa za nafasi), mbili kwa kila vali. Zinalishwa volti 7 kwa kilohezi 3.2 na zinarudisha karibu volti 0.7 vali ikiwa imefungwa na karibu 3.5 ikiwa wazi kabisa. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe katikati ya safari, usizikalibreti kwanza, angalia kama mkono umelegea au nati imejilegeza, kalibresheni ya juu ya nati iliyolegea ni kujidanganya. Transmita za presha ya gesi kati ya vali ya kwanza na ya pili ni tatu, zipime zote tatu kwa kifaa kimoja siku moja.

Sensa za spidi zinasoma gurudumu la meno 60, yaani kwa 3,000 za dakika unapata hezi 3,000, hesabu rahisi, tumia hiyo kuhakikisha kila prosesa inaona spidi ileile. Macho ya moto (sensa zinazoona kama moto unawaka) yasafishe vioo.

Kebo zote pima insulesheni kwa mega, ila tafadhali sana chomoa upande wa kadi kwanza. Volti 500 za mega zikipita kwenye kadi hiyo kadi ndo basi. Ngao ya kebo za sensa iwe na ethi upande mmoja tu, upande wa kabati. Zikiwa na ethi pande zote mbili unapata kelele za umeme ambazo zitakusumbua miezi na hutaziona kwa multimita.

Kabati: kubakiza bodi au kung'oa zote

Kuna njia mbili. Ya kwanza unabakiza bodi za teminali za zamani na waya zake zote, unabadilisha ubongo tu, kazi inaisha haraka na waya hazichanganyiki. Ya pili unang'oa kila kitu na kupanga upya. Wauzaji watakusukuma upande unaowafaa wao. Mi mtazamo wangu uko hivi: kama chumba kilikuwa na AC inayofanya kazi miaka yote na bodi ziko safi, bakiza. Kama chumba kimewahi kukaa bila AC majira mazima, au uko karibu na bahari na ukiangalia teminali unaona ukijani wa chumvi, ng'oa, maana utalipia ubongo mpya halafu utatripishwa (mashine kujizima ghafla) na teminali ya zamani.

Mtandao wa kontroli usigusane na mtandao wa ofisi. Ukitaka data zifike ofisini zipitishe kwenye kifaa kinachoruhusu kutoka tu bila kuingia, na flashi za watu zisiingie kwenye kompyuta ya opareta hata kwa dakika moja. Laini ya muuzaji ya kuingia kutoka mbali iwe na swichi ya mkono mezani kwa shifti supavaiza, imezimwa siku zote isipokuwa ameomba na mmekubaliana.

Kabla kabati halijasafirishwa, nenda kiwandani ukalijaribu likiwa limeunganishwa na simuleta. Nenda na opareta, usiende na mainjinia peke yao. Opareta ndo anajua kwamba zamani alamu ile ilikuwa inakuja kabla ya ile nyingine. Wapige start 20, watripishe kwa kila sababu, wapoteze prosesa moja moja. Makosa ya lojiki yakipatikana pale yanarekebishwa kwa kikombe cha chai, yakipatikana sait yanarekebishwa mashine imelala.

Kufunga na ile kesi ya koili

Lupu cheki (kupima kila waya kutoka uwanjani hadi skrini) ni kila pointi, bila kuruka. Mmoja uwanjani, mmoja kwenye skrini, redio mkononi, karatasi inasainiwa na wote wawili.

Sasa sikiliza hii ya savo, naiandika kwa sababu niliiona kwenye kituo kimoja. Vali ya savo, ile inayoisogeza vali ya gesi, ina koili tatu, kila prosesa inaendesha yake. Wakati wa kufunga, koili moja ikageuzwa, chanya ikawa hasi. Wakajaribu vali, ikafunguka na kufunga vizuri tu, kwa sababu koili mbili nzuri zinaishinda moja mbaya na kontroli inaongeza mkondo kidogo kufidia. Karatasi ikasainiwa. Baada ya wiki kadhaa prosesa moja katika zile nzuri ikapoteza umeme, jambo ambalo mfumo wa tatu umetengenezwa kulivumilia. Ila sasa ikabaki koili moja nzuri na moja iliyogeuzwa, zinavutana nguvu sawa, spring ikafunga vali, mashine yote ikaanguka kutoka lodi kamili. Watu wakailaumu kontroli mpya siku tatu nzima.

Kwa hiyo jaribu koili moja moja. Zima S na T, endesha vali kwa R peke yake, halafu S peke yake, halafu T peke yake. Kila moja lazima iisogeze vali upande ulioamriwa. Na angalia mkondo wa kila koili vali ikiwa imetulia, unatakiwa uwe karibu miliampi 0.27 hasi kwa kila moja, huo ndo unaopambana na spring. Ukikuta mbili zinavuta sana upande mmoja na ya tatu inavuta upande wa pili, umempata mchawi.

Halafu jaribu kila tripu kwa ukweli wake: presha ya mafuta ya kulainisha ishushwe kweli, moto upotee kweli, kitufe cha dharura kibonyezwe kweli. Ulinzi wa spidi kupita kiasi umewekwa asilimia 110, yaani 3,300, na unajaribiwa bila lodi huku mtu mmoja akiwa amesimama kwenye kitufe cha mkono. Kabla ya kusinki (kuunganisha jenereta na gridi) mara ya kwanza hakikisha fezi kwa kifaa cha nje, usiamini skrini peke yake. Breka ikifunga fezi zikiwa zimepishana, shafti na jenereta ndo zinazolipia.

Moto wenyewe

Ili uelewe tyuni inafanya nini lazima uelewe kombasta. Kwenye DLN1, aina ya kombasta ya GE ya kupunguza NOx, kila kombasta ina nozeli sita za nje na moja ya katikati. Mashine ikiwashwa moto uko chumba cha mbele tu, mpaka karibu asilimia 20 ya lodi. Toka hapo hadi 50 hivi moto uko mbele na nyuma. Ikipita hapo, moto wa mbele unazimwa makusudi, chumba cha mbele kinakuwa cha kuchanganyia gesi na hewa tu, na kila kitu kinaungua nyuma, hapo zaidi ya asilimia 80 ya gesi inapita nozeli za nje. Hii ndo primiksi na ndo sehemu unayoityuni.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni NOx. Moto ukipita nyuzi 1,500 na kitu za Selsiasi nitrojeni na oksijeni ya hewa zinaanza kuungana kwa kasi kubwa. Dawa ni mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi gesi kidogo, moto unapoa. Ila ukiupoza kupita kiasi CO inapanda, moto unapepesuka, na mwisho unazimika. Na katikati ya hapo kuna mngurumo. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alishaeleza mwaka 1878 kwamba joto likiongezeka wakati uleule presha inapopanda, mtetemo unajilisha wenyewe na kukua. Ndani ya kombasta hiyo inamaanisha psi chache tu za presha zinazopigapiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde, usiku na mchana, na baada ya muda unakuta laina (ganda la ndani la kombasta) imepasuka, seal zimelika, kipande kimeenda kwenye bleidi.

Njia ya kupita ni nyembamba na inahama. Kule Ghuba usiku wa Januari hewa inaweza kuwa nyuzi 12 na mchana wa Julai ni 45, hewa ya 45 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, mashine ileile inakuwa kama mashine nyingine. Na gesi nayo inahama. Kuna kipimo cha Wobbe kinachojumuisha nguvu ya gesi, uzito wake na joto lake, na mashine nyingi za primiksi zinavumilia kama asilimia 5 juu au chini. Fanya hesabu: gesi ileile ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60, unagawa 298 kwa 333 (nyuzi hizohizo kwa Kelvin), unatafuta kipeuo cha pili, unapata 0.946. Umeshuka asilimia 5.4 bila gesi kubadilika hata chembe. Hita ya gesi ikiyumba, tyuni yako inayumba nayo.

Zamani mtaalamu anakuja na laptopu mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa joto na mwanzo wa baridi, anatyuni, anaondoka, na mashine inaishi na namba za siku ile. Mfumo unaojiendesha, kama AutoTune wa PSM au OpFlex wa GE, unakaa pale muda wote, unasikiliza mngurumo wa kombasta kwa sensa, unasoma NOx na CO, halafu unasogeza mgao wa gesi au joto la gesi kwa hatua ndogo.

Kwanza tyuni kwa mkono, hata kama umelipia wa kujiendesha. Weka lodi imetulia, sogeza mgao nusu asilimia, subiri, andika. Kusubiri ni kwa kweli, mngurumo unaonekana sekunde hiyohiyo lakini sampuli ya moshi inasafiri kwenye bomba hadi mashine ya kupimia, inachukua dakika moja au zaidi, ukikurupuka utakuwa unajibu swali la hatua iliyopita. Endelea mpaka uone ukingo wa upande huu ambapo NOx inapanda, kisha ukingo wa upande ule ambapo CO na mngurumo vinaanza. Fanya hivyo kwenye lodi zote za primiksi. Hiyo ramani ndo uwanja wa kuiachia kompyuta icheze, na mipaka yake uiweke ndani ya kingo hizo, usiiweke juu ya ukingo.

Na NOx uisahihishe kwa oksijeni ya asilimia 15, vinginevyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Unazidisha namba uliyosoma kwa 5.9 unagawa kwa 20.9 ukitoa oksijeni uliyosoma. Mita ikisoma 14 na oksijeni 13.5, ni 14 mara 5.9 gawa kwa 7.4, jibu ni 11.2. Oksijeni yako ikikosea pointi moja jibu lote limekosea, kwa hiyo kalibreti mita ya oksijeni kwa bidii ileile ya mita ya NOx.

Kwenye mipangilio utaulizwa kipi kianze. Mi naweka hivi: kwanza moto usizimike, pili mngurumo usipite kiwango, tatu NOx, nne CO, na ufanisi mwisho kabisa. Kuna mameneja wanataka NOx iwe juu ya mngurumo kwa sababu NOx ndo inaandikiwa ripoti. Kataa kwa heshima, ukiwa na ramani yako mkononi. Ikitokea sensa ya mngurumo imekufa, au mita ya moshi iko kwenye kalibresheni, mfumo usikisie, ugande kwenye namba nzuri za mwisho na upige alamu. Jaribu hilo kwa kuchomoa sensa moja mashine ikiwa imetulia na uone inafanya nini.

Wiki za kwanza iache kompyuta itoe ushauri tu. Inasema "ningesogeza hivi", wewe unaangalia, unalinganisha na ramani. Ikishauri mambo ya busara usiku, mchana, lodi ikipanda na ikishuka, ndo unaifungulia mnyororo isogeze yenyewe. Na opareta awe na kitufe kimoja cha kuitoa, kinachorudisha jedwali la mkono taratibu bila kushtua moto.

Kwa walio nyumbani

Dar hali ya hewa haiyumbi kama Ghuba, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani karibu tupu, kwa hiyo ukiuziwa mfumo kwa hoja ya kiangazi na baridi, uliza zaidi. Kinachokuhusu ni lodi. Bwawa la Nyerere limekuja na megawati 2,115 kwenye mashine tisa, na mtambo wa gesi ukiambiwa upande na kushuka badala ya kukaa lodi kamili, kila kupanda na kushuka unavuka zile hatua za moto, na kukaa lodi ya chini ndo kunakosogeza moto kwenye ukingo wa kuzimika. Hapo tyuni inayojiendesha ina kazi ya kweli. Unyevu wa pwani nao unapooza moto kidogo, kwa hiyo weka sensa ya unyevu nzuri na uilinde na chumvi. Na mashine zenyewe zinatofautiana, Kinyerezi I ni LM6000, Kinyerezi II ni H-25. LM6000 zikiwa za aina ya DLE (zinazopunguza NOx bila maji) zina pete tatu za nozeli na ramani yake ni ya joto la moto kwa kila pete, wakati za kupuliza maji ni hadithi nyingine kabisa, huko unatyuni maji.

Jambo la mwisho ni siku ya matengenezo makubwa. Nozeli zikibadilishwa au zikirudi kutoka kusafishwa, toa mfumo kabla ya kuwasha, futa yote ambayo mfumo umejifunza, anza ramani ya mkono upya. Zile namba zilikuwa za nozeli zilizoondoka, na nozeli mpya zikipewa namba za wenzao, moto unaweza kurudi chumba cha mbele mara tu unapoingia primiksi, macho ya mbele yatauona na mashine itashuka kwenye moto wa mbele na nyuma, NOx juu, na mtakaa usiku kucha mkitafuta vali mbovu ambayo haipo.